Wifi ya Auberge Tulizo, Chumba kwa Chumba

Jumatatu, 4 Aprili 2016

Siku kubwa. Naiandika kwa kalamu ya bic nyekundu ili wajukuu waione haraka.

Saa nne asubuhi gari jeupe limesimama mbele ya parseli yetu, yaani kiwanja chetu, hapa mtaa wa Bigo. Akashuka Madame Immaculée, mwenye kuandaa atelier ya amani, yaani warsha. Anatafuta auberge ya kulaza wajumbe kumi na wanne kutoka Djugu, wafugaji saba na wakulima saba, kwa wiki nzima. Anataka wote walale chini ya paa moja, kwa sababu wakilala mbalimbali watasemana mbalimbali. Vyumba ameviona. Vyoo ameviona. Bugali na sombe ya mke wangu, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ameionja, akaomba tena. Kisha akauliza swali moja tu: kuna wifi katika kila chumba?

Mke wangu Émilienne akafungua mdomo aseme ukweli. Nikamtangulia. Nikasema: Madame, kila chumba, mpaka chooni.

Émilienne ndiye mwenye auberge, aliachiwa na marehemu baba yake. Mimi ni mume wake, na tangu leo ni Directeur Technique. Cheo nimejipa mwenyewe, sikuona mtu mwingine mwenye haraka ya kunipa.

Ng'ambo ya avenue iko Auberge Pumziko ya Jérôme. Nilisoma naye darasa moja. Alikuwa ananakili hesabu zangu, ndiyo maana alirudia mwaka. Jérôme ana wifi tangu Desemba, na kwenye bango lake amechora alama ya wifi kubwa kuliko jina la nyumba. Madame Immaculée aliitazama alama ile akipanda gari. Niliona! Atarudi Jumapili kuhakikisha. Tukishindwa, wajumbe wanavuka barabara. Émilienne amesema vyumba vyetu vimekaa vitupu tangu Krismasi, na akipoteza wageni hawa atapangisha nyumba kama depo ya saruji. Mimi kulala juu ya saruji? Hapana.

Ameshauri tumuite Débora, binti aliyesoma informatique, mambo ya kompyuta, yule aliyefunga wifi ya Pumziko. Nimekataa. Aliyemfanyia kazi adui hawezi kuingia parseli yangu na ngazi. Halafu ugumu uko wapi? Ni boksi na waya. Nikiwa na miaka tisa niliifungua redio ya baba peke yangu. Haikufungika tena, lakini kufungua nilifungua.

Jumatano, 6 Aprili

Boksi tatu za wifi nimezipata barabara ya Lumumba kwa mfanyabiashara mmoja, Katsuva, ambaye aliniuliza mara mbili kama nina fundi. Nikamwambia anamwona mbele yake. Akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni na kunitakia afya njema.

Internet yenyewe tunayo. Sahani ya satelaiti iko juu ya ofisi, waya mmoja unaingia kwenye kompyuta ya Émilienne, basi. Kazi ni kuisambaza. Waya kutoka ofisini mpaka kila boksi, boksi linarusha hewani, simu zinadaka. Mtoto anaweza.

Maelekezo yanasema kila boksi liwekwe juu, mahali pa wazi, katikati ya vyumba, mbali na vitu vya chuma. Ni wazi mwandishi wa maelekezo hayo hajawahi kuishi Bunia. Weka kitu cha thamani juu na mahali pa wazi, kesho kutwa utakinunua tena sokoni. Nimetumia akili. Boksi la kwanza: ndani ya kabati la chuma, kwa kufuli. La pili: nyuma ya tangi la maji. La tatu: jikoni, ndani ya ile sufuria kubwa ya harusi, na kifuniko juu.

Matokeo ni mazuri sana. Ndani ya kabati internet inakimbia kama swala. Niliingiza kichwa pamoja na simu: mistari minne! Nikafunga mlango: sifuri. Nikafungua: minne. Kwenye tangi, mtu akikumbatia bomba anapata mstari mmoja. Kwenye sufuria sijui, Émilienne alikuwa ameshaanza kutafuta pa kupikia maharagwe.

Nimempa wazo kwamba wageni wapokezane kabatini. Ameenda kufagia korido kwa namna ambayo naifahamu.

Ijumaa, 8 Aprili

Boksi nimezitoa. Nimezipigilia ukutani, zote tatu katika ofisi, moja juu ya nyingine, ili nguvu zao zijumlishane. Hesabu rahisi: tatu zinashinda moja.

Hazikujumlishana. Zilikaa zikipigana zenyewe kwa zenyewe, na chumba namba tisa hakikupata hata harufu.

Mchana nikaona waya mmoja umetoka kwenye boksi la katikati na ncha yake inaning'inia bure. Mimi siwezi kuvumilia uchafu. Boksi lilikuwa na tundu tupu pembeni. Nikachomeka ncha ile humo humo. Nadhifu!

Mara taa zote zikaanza kupepesa, kijani, kijani, kijani, kwa kasi ya ajabu. Nikamwita Émilienne aje aone nguvu. Alipofika, kompyuta yake mwenyewe, ambayo ilikuwa haijawahi kukosa internet tangu baba yake yuko hai, ilikuwa imekata. Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema sijagusa kitu. Ni kweli, nilichomeka tu.

Jumamosi, 9 Aprili

Upelelezi. Wenye akili hawabuni, wanatazama jirani.

Nimevaa kofia na miwani ya jua, nikaingia Pumziko kama msafiri kutoka Aru, nikaagiza Fanta. Macho darini. Boksi moja katikati ya korido, juu, mahali pa wazi, mbali na chuma. Sawasawa na maelekezo! Nilishangaa sana kwamba Jérôme naye ana kile kikaratasi.

Nilitaka kusoma maandishi madogo chini ya boksi. Nikapanda kiti. Kiti kilikuwa cha Jérôme, yaani dhaifu. Tukaanguka pamoja, mimi na kiti.

Jérôme alikuja mwenyewe. Aliniinua, akanitoa miwani, akaniuliza kwa upole kama dari yake imenipendeza. Akamwita mhudumu alete maji ya moto na chumvi kwa ajili ya goti. Akakataa nilipe Fanta. Kuna ukatili mwingine hauachi alama mwilini.

Jumapili, 10 Aprili

Nimerudi misani nikichechemea, nikamkuta Débora juu ya ngazi, katika parseli yangu! Émilienne alimpigia simu wakati mimi niko kwenye mahubiri. Usaliti ndani ya siku ya Bwana.

Débora aliutoa ule waya wangu nadhifu katika muda wa Salamu Maria moja. Nikauliza kosa lilikuwa nini. Akashuka ngazi mbili ili anitazame vizuri.

"Papa Eddy, uliambia boksi iseme na yenyewe. Njo ilisema, ikasema, haikupata tena nafasi ya kusikia mwingine."

Émilienne alisema anamfahamu mtu wa namna hiyo.

Basi Débora akapanga. Boksi moja darini katikati ya korido. Moja sebuleni, juu ya mlango. La tatu akalipandisha nje, kileleni mwa mnara wa tangi, ndani ya kopo la plastiki kwa ajili ya mvua, lihudumie uwanja mzima. Zote tatu jina moja na kode moja, lile neno la siri, ili mgeni atembee bila kukata, lakini kila moja kwenye njia yake ya hewa ili zisikanyagane. Ndani ya saa mbili kazi imekwisha. Mimi nilishika ngazi. Bila ngazi kushikwa hakuna wifi, na hilo sijasikia mtu akilisema.

Saa kumi Madame Immaculée akaja na simu yake, chumba kwa chumba. Akaingia hata chooni, akatoka anacheka. Tumepita! Wajumbe ni wetu!

Débora alimwachia Émilienne kikaratasi chenye kode kubwa, ile ya kuingia ndani ya boksi na kubadilisha mambo. Alimwambia asimpe mtu. Alisema "mtu" akiniangalia mimi. Émilienne akakiweka kwenye droo. Nimekinakili kiganjani. Directeur Technique bila kode ni mlinzi wa kawaida.

Jumatatu, 11 Aprili

Wajumbe wamefika. Wafugaji wakakaa upande wa dirisha, wakulima upande wa mlango, katikati meza tupu kama mto. Mkubwa wa wafugaji ni Muzee Osée, mrefu, hasemi. Mkubwa wa wakulima ni Muzee Xavier, mfupi, hasemi pia. Chumvi ikihitajika upande wa pili, Émilienne anaipeleka mwenyewe. Leo amevuka mara kumi na moja.

Wifi inafanya kazi kila pembe. Jambo moja tu lilinichoma. Débora ameupa mtandao wetu jina TULIZO. Kavu namna hiyo! Na ukifungua simu kutafuta wifi, juu kidogo unaona wa Jérôme: PUMZIKO WIFI YA KWELI. Ya kweli! Kwa hiyo yetu ni ya uongo?

Nikaingia kwa kode ya kiganjani. Sasa tunaitwa TULIZO KWELI ZAIDI.

Wajumbe wote walikatika kwa mara moja, maana simu zao zilikuwa zinatafuta jina la zamani. Madame Immaculée alikuwa katikati ya kutuma ripoti. Nikamwambia ni matengenezo. Alipomaliza kujiunga upya, Jérôme alikuwa ameshajibu: KWELI ZAIDI FUNDI NI WANGU.

Sikula chakula.

Jumanne, 12 Aprili

Saa moja asubuhi: PUMZIKO KUNGUNI NI BURE.

Saa mbili na nusu, kutoka ng'ambo: EDDY ALIVUNJA KITI.

Saa tatu: KITI KILIKUWA KIMEOZA.

Saa tatu na robo: SAWA NA FANTA YAKO YA BURE. Hii ilinitoa machozi.

Kila nikibadilisha, wajumbe kumi na wanne wanakatika na kuanza kuuliza kode upya. Lakini nimegundua wanasoma. Leo mezani kijana wa wakulima alisoma ile ya kunguni kwa sauti, na mfugaji mmoja akakohoa ili asicheke. Sioni kwa nini Madame Immaculée anakunja uso. Mimi natoa burudani ambayo haiko kwenye programu.

Jumatano, 13 Aprili

Émilienne ameingia ofisini, akafunga mlango. Aliposema "Papa ya batoto" nikajua hali ni mbaya. Ameapa kwamba nikiandika tena jina la mtu au la nyumba ya mtu kwenye kile kitu, nitalala kwa mama yangu Mahagi mpaka Pasaka ya mwaka ujao. Nimekubali. Hakuna jina la mtu. Mimi ni mwanaume wa neno.

Atelier haiendi. Siku tatu hawajakubaliana hata saa ya chai. Shida ni njia ya ng'ombe kwenda mtoni, inapita kwenye mashamba. Wafugaji wanasema njia ilikuwepo kabla ya shamba, wakulima wanasema shamba lilikuwepo kabla ya ng'ombe. Madame Immaculée amevimba macho. Nilimweleza kwamba hata mimi nina mgogoro na jirani. Hakuona uhusiano.

Nimepata mpango wa kummaliza Jérôme bila kumtaja. Ijumaa asubuhi: chai na mikate bure, na wifi bure, kwa kila mpita njia atakayekaa kwenye uwanja wetu. Pumziko itabaki na kunguni wake. Émilienne sijamwambia bado. Unga ataukosa mwenyewe Ijumaa, atauliza, nitaeleza.

Alhamisi, 14 Aprili

Niende kwa mpangilio.

Saa tisa nikaingia kwenye boksi kutangaza vita yangu ya mikate. Niliandika: JEROME VITA KESHO ASUBUHI. Safi, fupi. Nikawa karibu kuthibitisha, nikakumbuka kiapo. Jina la mtu marufuku! Nikafuta JEROME. Nikabaki na maneno matatu. Nikathibitisha. Nikajisifu kwa utii wangu, nikalala kidogo.

Sikufikiria lile boksi la juu ya mnara. Débora alikuwa amelipandisha vizuri mno. Kama lingekuwa bado ndani ya sufuria, leo ingekuwa siku ya kawaida.

Nikaamshwa na kelele. Watu wanakimbia barabarani. Mama mmoja amebeba godoro, mwingine amebeba jiko bado lina moshi. Maduka yanafungwa, pa, pa, pa. Nikatoka, nikauliza nini. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, akapiga kelele bila kusimama: vita! Kesho asubuhi!

Sasa mtu wa mji huu akisikia neno hilo haombi maelezo. Miguu inajua kabla ya kichwa. Émilienne alikuwa sokoni, simu yake haipatikani. Korido tupu, wajumbe hawapo, viatu vya watu vimebaki mlangoni. Nikavuta godoro la chumba namba nne, nikaliweka kichwani, nikakimbia.

Ndiyo. Nilikimbia. Tena nilikuwa mbele ya wengi.

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Pale ukutani nikamwona Mama Dorothée, jirani yetu mshonaji. Amekaa juu ya cherehani yake, kiatu kimoja cheusi, kingine chekundu. Alikuwa ameibeba kichwani mwenyewe, na umri ule. Nikamuuliza habari imetoka wapi, redio gani imesema. Akatoa simu ya mjukuu wake kwenye kitenge, akaniambia hata yeye hakuamini, lakini imeandikwa, mjukuu ameisoma pale pale nyumbani, akaipiga picha. Mistari minne.

Nikasoma. Nikasoma tena: maneno yangu matatu.

Nilitaka ardhi inipokee na godoro langu. Nikafikiria kukaa kimya. Nitakuwa mkweli hapa, kwa sababu hakuna anayesoma bado: nilifikiria kukaa kimya dakika nzima. Mama Dorothée akaanza kusema, si na mimi hasa. Kwamba mwaka 2003, wakati wa vita ya kweli, alitoka na cherehani hii hii. Mume wake akamwambia tangulia, mimi nafunga mlango. Leo yeye hakufunga mlango, akasema. Ameuacha wazi, wachukue wanachotaka.

Nikamwambia. Ni wifi, Mama. Ni ya kwetu. Ni mimi.

Akaipokonya simu, akaifunga tena kwenye kitenge.

"Weye njo uliandika?"

Ndiyo, Mama.

"Vita ya nini?"

Nikasema: ya mikate.

Nilingoja anipige. Hakunipiga, ingekuwa afadhali. Alisimama, akakung'uta kitenge, akaonyesha cherehani kwa kidevu.

"Beba. Mpaka ku nyumba."

Nimeibeba. Kutoka kanisani mpaka Bigo, chuma kitupu, huku yeye anatembea nyuma yangu na viatu vyake viwili tofauti, na kwa kila mtu aliyekutana naye anasema kwa sauti kwamba warudi, ni huyu, ni wifi yake. Walinitazama. Nimewahi kuchekwa, nimezoea, kucheka kunapita. Wale hawakucheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa na watoto watatu wamefungwa mkono kwa mkono kwa kitambaa alikaa chini katikati ya barabara na kulia, kwa sababu ya kufurahi, nadhani.

Njiani nikamkuta Jérôme. Alikuwa amesimama juu ya pipa kwenye kona, sauti imekauka, anawaambia watu warudi nyumbani. Ni yeye na Débora waliozima boksi zote, za kwetu na za kwake, kisha wakakaa wakilinda nyumba mbili zilizokuwa wazi. Émilienne alikuwa pamoja nao. Alilitazama goti langu, akatazama shingo, akaenda kumfungulia Mama Dorothée mlango ambao haukuwa umefungwa.

Shingo inaniuma. Ni uzito wa chuma tu.

Ijumaa, 15 Aprili

Asubuhi nilisimamishwa mbele ya chef wa quartier, mkubwa wa mtaa, na askari wawili. Nikaeleza. Waliniambia nieleze tena, polepole. Askari mdogo aliandika "mikate" kwenye karatasi yake na kuuliza kama kuna chama cha jina hilo. Jérôme akaitwa. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja. Akasema ni ugomvi wa kitoto wa watu wawili, na nusu ni yake. Nimeachiwa kwa sharti la kuzunguka quartier nzima kuomba msamaha nyumba kwa nyumba. Nyumba mia moja na tisa. Sijui kwa nini Jérôme alijiingiza katika sifa zangu.

Nilikuwa na hakika atelier imekufa. Nikamkuta Madame Immaculée amekaa kwenye ngazi na mzigo wake umefungwa, anangoja gari.

Saa tano moto moja, yaani pikipiki, ikaingia getini. Mbele motari. Nyuma yake Muzee Xavier. Nyuma ya Muzee Xavier, magoti yamefika masikioni, Muzee Osée. Jana moto ilikuwa moja tu getini, na wote wawili waliirukia kwa mara moja. Walikimbia hivyo hivyo mpaka ng'ambo ya mtaa wa Rwambuzi, mmoja ameshika kiuno cha mwingine, na petroli ikaisha huko. Walilala kwa binamu wa motari, kitanda kimoja.

Wakashuka. Muzee Osée alikuwa anaendelea kulalamika kwamba mwenzake ni mfupi lakini mzito kama gunia la mchanga. Muzee Xavier akajibu kwamba afadhali mchanga, yeye amechomwa na mifupa mgongoni tangu jana. Wajumbe wengine walirudi mmoja mmoja. Hakuna aliyekumbuka upande wa dirisha na upande wa mlango. Chumvi ilipita mkono kwa mkono, Émilienne akabaki amesimama hana kazi.

Muzee Xavier akaomba neno. Akauliza mbele ya wote:

"Siye yote tulikimbia juu ya mikate?"

Muzee Osée akasema ndiyo, juu ya mikate, na kwamba ile vita waliyoikimbia zamani huenda nayo haikuwa juu ya kitu kikubwa zaidi. Kisha wakaanza kazi.

Azimio namba moja la atelier, lililopitishwa na wajumbe kumi na wanne kwa kumi na wanne bila mtu kupinga: bwana Eddy asiguse tena chombo chochote cha wifi katika eneo la mkutano. Nimeliona kwa macho yangu, na muhuri.

Azimio namba mbili: chai saa nne.

Azimio namba tatu: ng'ombe watapita mtoni siku mbili kwa juma, kwa njia iliyowekewa vigingi, na wenye mashamba watakuwepo kuhesabu vigingi. Ilichukua dakika arobaini. Madame Immaculée aliandika huku anafuta macho. Nilipomkaribia aliniambia nisithubutu kutabasamu.

Jumapili, 17 Aprili

Wajumbe wameondoka jana. Muzee Osée ameacha oda ya viazi kwa Muzee Xavier. Madame Immaculée amemwambia Émilienne kwamba kila atelier ya Bunia itakuja kwetu. Hakuna depo ya saruji.

Mimi si Directeur Technique tena. Kode imebadilishwa, ya sasa iko kichwani mwa Émilienne peke yake, mahali ambapo sijawahi kuweza kuingia. Nimepewa kazi ya kumenya viazi. Nyumba za kuomba msamaha zimebaki sitini na mbili. Kwa Mama Dorothée nilienda kwanza. Alinipa suruali yangu iliyochanika gotini siku ya kiti, ameishona. Sikumbuki kumpa.

Sasa nimekaa na karai la viazi, nafikiria kwa utulivu. Siku tatu wataalamu wamesema na mikrofoni, na wajumbe hawakukubaliana hata saa ya chai. Mimi, kwa maneno matatu tu na boksi moja juu ya mnara, nimewakalisha pamoja. Watu wanaona fujo. Hakuna anayeona mbinu.

Leo mchana nilimsikia Madame Immaculée kwenye simu. Mwezi ujao kuna atelier nyingine, kwetu Mahagi, kando ya ziwa. Wavuvi wa nyavu kubwa na wavuvi wa nyavu ndogo, mwaka mzima hawasalimiani. Na azimio namba moja linasema wazi: katika eneo la mkutano. Ule mkutano. Mahagi haikutajwa.

Barua nimeshaiandika kwa mwandiko mzuri: Eddy, Mtaalamu wa Wifi na Upatanisho. Wanachohitaji ni mlingoti mrefu pwani na mtu mwenye uzoefu. Neno "vita" sitalitumia tena kamwe, nimejifunza. Jina la mtandao nimelichagua la amani kabisa, halimtaji mtu wala nyumba ya mtu, na nimehesabu, herufi zinatosha:

ZIWA LINAPANDA LEO SAA KUMI.